Jicho, damu au eko: uanze na kipi mtoto akishukiwa kuwa na Down?

Karatasi ya rufaa huwa na mstari mmoja tu: "Anashukiwa Down, apimwe kromosomu." Mama ameishika kama hati ya kesi. Baba ameshaulizia bei maabara na amerudi kimya. Swali linalofuata nimelisikia mara nyingi kliniki ya watoto hadi najua litaanzaje: "Nesi, hela tuliyonayo ni ya kipimo kimoja. Tufanye kipi?"

Jibu langu huwashangaza, maana mara nyingi silo lililoandikwa kwenye karatasi. Ili lieleweke inabidi niviweke vyote mezani: jicho na mikono ya anayempima mtoto, kipimo cha haraka cha damu, kipimo kamili cha kromosomu, na vile vipimo vingine, kama eko, yaani utrasaundi ya moyo, ambavyo havithibitishi Down hata kidogo lakini ndivyo vinavyomweka mtoto hai.

Kwanza tuelewane kwenye jina. Mtaani Down huchanganywa na mtindio wa ubongo na usonji, vyote vikatiwa kapu moja. Mtindio unatokana na ubongo ulioumia au usiokua sawasawa. Usonji huanza kuonekana mtoto akishakua kidogo, kwenye namna anavyowasiliana na watu. Kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba vinasaba. Mwenye Down ana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili, na kwa wengi hilo lilishatokea siku mimba inatungwa. Halina uhusiano na alichokula mama, wala kupatwa kwa mwezi, wala jicho la jirani. Na kwa kuwa nakala hiyo ya ziada ilikuwepo wakati mwili wote unajengwa, alama zake zinaweza kusomwa mwilini siku ya kwanza.

Jicho na mikono

Daktari wa Kiingereza John Langdon Down aliwaeleza watu hawa mwaka 1866, akiwa mkuu wa hospitali ya Earlswood huko Surrey. Kromosomu ya ziada ilitangazwa mwaka 1959 mjini Paris na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin. Katikati hapo kuna miaka 93 ambayo madaktari walitambua Down kwa kumtazama na kumshika mtoto tu, na mara nyingi walipatia. Nayasema haya kwa wazazi wanaodhani kwamba daktari asiyetumia mashine anabahatisha.

Mwaka 1966 zilichapishwa dalili 10 za mtoto mchanga ambazo hadi leo huitwa vigezo vya Hall, kwa jina la aliyezichapisha. Uso bapa ulionekana kwa watoto 90 katika kila 100 wenye Down. Kutoshtuka vizuri kichwa kinapoachiwa kidogo, 85. Misuli milegevu, viungo vinavyopinda kupita kiasi, ngozi ya ziada kwenye ukosi, na macho ambayo kona zake za nje zimepanda juu: kila moja takriban 80. Nyonga zenye umbo tofauti kwenye eksirei, 70. Masikio madogo au yaliyokunjika, na kidole cha mwisho cha mkono chenye pingili fupi ya kati, 60. Mstari mmoja unaokata kiganja chote, 45. Kila mtoto alikuwa na dalili nne au zaidi, na wengi walikuwa na sita na kuendelea.

Huo mstari wa kiganja ndio kila mtu anaukimbilia, na ndio wa mwisho kwenye orodha. Takriban watu 4 katika 100 wasio na tatizo lolote wanao angalau mkono mmoja. Mimi mwenyewe ninao mkono wa kushoto.

Sasa, orodha ile ilitengenezwa Ulaya, kwa watoto wa huko. Huku kwetu uso bapa na daraja la pua lililolala havikuambii mengi, kwa sababu vichanga wetu wengi huzaliwa hivyo na pua huinuka wakikua. Vidoa vyeupe kwenye duara la jicho lenye rangi, ambavyo vitabu huvisifia sana, huonekana vizuri kwenye macho ya bluu na kijivu. Kwenye jicho jeusi unaweza kutafuta mpaka tochi izimike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ukilinganisha watu wenye Down kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha hilohilo: baadhi ya dalili, zikiwemo za masikio, vidoa vya machoni na ngozi ya ukosi, hazitokei kwa kiwango kimoja kwa watu wa asili tofauti. Kwa hiyo mimi huanza na ulegevu wa misuli, kisha ndipo natazama uso.

Bibi mmoja aliwahi kunifikia na binti yake na kichanga cha siku tisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu wanasema macho yamepanda. Mbona na yangu yako hivihivi?"

Nikamtazama. Kweli, kona za nje za macho yake zilikuwa juu kidogo. Bibi alikuwa amegusa penyewe: kabla hujasema uso wa mtoto una kasoro, tazama nyuso za waliomzaa. Nikamvua mtoto nguo zote, taa ikiwa karibu. Nikamlaza kifudifudi juu ya mkono wangu. Kichanga wa umri ule hukunja mikono na miguu na kujitutumua kuinua kichwa. Huyu alining'inia pande zote mbili kama kanga kwenye kamba. Nikamshika chini ya makwapa na kumwinua wima: mabega yakapanda hadi masikioni, mwili ukawa unateleza kati ya viganja vyangu. Ngozi ya ukosi ilivutika ikajaa vidole viwili. Kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata ungepitisha mkanda wa ndala bila kugusa ngozi. Kiganja cha kulia mstari mmoja, cha kushoto miwili.

Kazi yote hiyo haikuchukua dakika kumi wala kugharimu shilingi. Macho alikuwa amerithi ya bibi yake, huenda, lakini ule ulegevu hakuwa ameurithi kwa mtu. Daktari alipompima alifikia palepale.

Jicho linakosea wapi? Kwa njiti, ambao wote ni walegevu na nyuso zao hazijajaa. Kwa mtoto mwenye mchanganyiko, yaani baadhi ya seli zake zina kromosomu tatu na nyingine mbili. Hao ni 1 au 2 kati ya watoto 100 wenye Down, na dalili zao zinaweza kuwa hafifu mno. Pia linaweza kukosea kwa mtoto ambaye shida yake ni nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Down, au tezi?

Kuna watoto wanaozaliwa na tezi ya thairoidi isiyofanya kazi. Waweke wawili hawa kitandani, mmoja na mwenzake. Wote walegevu. Wote ulimi umetoka. Wote wanasinzia wakati wa kunyonya, wana ngiri ya kitovu, na manjano yao hayaishi upesi. Mkunga aliyechoka zamu ya usiku anaweza kuwaandikia neno moja.

Tofauti ziko kwenye vitu vidogo. Mtoto wa tezi ana ngozi kavu na ya baridi, sauti yake ya kulia ni nzito na ya kukwaruza, choo kinakuwa kigumu kutoka, na utosi wa nyuma uko wazi kuliko kawaida. Hana ile nafasi ya vidole vya mguu, hana masikio madogo yaliyokunjika, macho hayajapanda. Mtoto wa Down naye huwa na vidole vifupi na kisogo bapa ambavyo tezi peke yake haivileti.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye matibabu. Down haina dawa ya kuiondoa. Tezi ina dawa, levothairoksini, kidonge kinachopondwa na kupewa mtoto kwa maziwa kidogo ya mama, na akianza ndani ya wiki mbili za kwanza ubongo wake una nafasi nzuri kabisa ya kukua kama wa wenzake. Kila wiki inayopita bila dawa inaondoka na kitu ambacho hakirudi. Huku kwetu vichanga hawapimwi tezi wote kama desturi, kwa hiyo asiposhukiwa hapimwi.

Na mambo hayaishii hapo: mtoto mwenye Down yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine ya kuwa na tezi mbovu pia. Kwa hiyo kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, hakipotei bure, awe na hili, awe na lile, awe na yote mawili. Usikubali tu kikafanywa saa 24 za kwanza, kwa sababu homoni hiyo hupanda yenyewe mtoto anapozaliwa na itawatisha bure. Kuanzia siku ya tatu ni sawa.

Kipimo cha haraka na kipimo kamili

Tukija kwenye damu ya kuthibitisha, kuna njia mbili ambazo wazazi huambiwa kama ni kitu kimoja, na hazifanani.

Ya haraka, ambayo maabara huziita FISH au QF-PCR, huhesabu tu: kromosomu ya 21 ziko ngapi? Majibu yanaweza kutoka ndani ya siku moja au mbili sampuli ikishafika maabara yenye mashine. Inafaa pale daktari anapohitaji uhakika upesi, mathalani mtoto ni njiti, ni mgonjwa, na jicho limeshindwa kuamua. Lakini inahesabu bila kuona zimekaaje.

Kipimo kamili, kariotaipu, kinachukua muda kwa sababu kinahitaji seli hai. Chembe nyeupe za damu zinaoteshwa takriban siku tatu, zinasimamishwa zikiwa katikati ya kugawanyika, zinapakwa rangi, kisha mtaalamu anazipanga kromosomu jozi kwa jozi na kuzikagua moja baada ya nyingine, kwa kawaida kwenye seli 20 au zaidi. Wiki mbili ni matarajio mazuri. Huku kwetu sampuli nyingi bado husafirishwa nje ya nchi, na safari hiyo ndiyo inayopandisha bei.

Faida yake ni moja na ni kubwa: kinaonyesha aina. Watoto 95 katika 100 wenye Down wana kromosomu ya 21 ya tatu iliyosimama peke yake. Uwezekano wa wazazi hao kupata mtoto mwingine wa namna hiyo ni takriban 1 kwa 100, au ule wa umri wa mama kama ni mkubwa zaidi. Watatu au wanne hivi katika 100 wana kromosomu ya 21 iliyogandana na nyingine, mara nyingi ya 14. Hapo wazazi wenyewe lazima wapimwe, kwa sababu mmoja wao anaweza kuwa amebeba mgandano huo bila dalili yoyote. Akiwa ni mama, uwezekano kwa kila mimba hupanda hadi 10 au 15 kwa 100. Akiwa ni baba ni mdogo zaidi. Na kama zilizogandana ni mbili za 21 zenyewe kwa zenyewe, kila mtoto atakayezaliwa hai na mzazi huyo atakuwa na Down. Hapa jicho halisaidii, maana watoto wa aina hizi kwa sura ni walewale.

Kwa hiyo, kama mtoto ana dalili zote waziwazi, kariotaipu haitamwambia mama jambo jipya kuhusu mtoto aliyempakata. Itamwambia kuhusu mimba ijayo, na huenda kuhusu mimba za dada zake.

Naomba niseme na la chupa, kwa sababu liliwahi kunikera. Damu ya kariotaipu huwekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijani, yenye heparini. Ya zambarau, ambayo ndiyo tunayoizoea kwa picha ya damu, ina dawa nyingine isiyowafaa wanaotaka kuotesha seli. Hospitali moja tuliyopokea mgonjwa wake walikuwa wametuma ya zambarau, tena ikalala kwenye friza usiku kucha. Baada ya mwezi majibu yakarudi na sentensi moja: seli hazikuota. Mama alikuwa ameuza cherehani yake kulipia. QF-PCR, kinyume chake, haihitaji seli hai, na zambarau inaikubali.

Kwa hiyo hela ya kipimo kimoja iende wapi?

Iende kwenye eko ya moyo.

Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Inayojulikana zaidi ni tundu kubwa pale katikati, vyumba vya juu na vya chini vinawasiliana, na valvu mbili zimekuwa kama moja. Kinachonitisha ni kwamba wiki za kwanza huenda usisikie kitu kwa stetoskopu. Presha ya mapafu ya kichanga bado iko juu, damu haijaanza kukimbilia kusikotakiwa, mtoto ananyonya, na kila mtu anapumua. Miezi miwili baadaye anatoka jasho kichwani akinyonya, anachoka kabla hajashiba, haongezeki uzito. Tundu la namna hiyo hupendelewa kufanyiwa upasuaji kabla ya miezi sita au karibu na hapo. Likiachwa, mishipa ya mapafu inakakamaa, na mtoto ambaye angetengenezwa akiwa na miezi mitano anakataliwa na madaktari walewale akiwa na miaka mitatu, kwa haki kabisa, kwa sababu upasuaji sasa utamuua. Upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika kwenye ukanda wetu: Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Dar es Salaam, Nairobi wanafanya, Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda. Foleni ni ndefu, na anayegunduliwa akiwa na wiki tatu ana muda wa kupanga foleni.

Familia inayosubiri majibu ya kromosomu ndipo ifanye eko imepanga mambo kichwa chini miguu juu. Shaka peke yake inatosha kuomba eko, na moyo utakaoonekana utatibiwa vilevile hata kariotaipu ikija na jibu la mtoto wa kawaida.

Baada ya eko, TSH, nimeshaieleza. Kisha picha kamili ya damu, ya bei nafuu na ipo hata kwenye vituo vya afya vingi, kwa sababu takriban mtoto 1 katika 10 wenye Down huzaliwa na chembe za damu zinazofanana na za saratani. Kwa wengi hutoweka zenyewe ndani ya miezi michache, lakini wachache wanahitaji matibabu na wote wanahitaji kufuatiliwa. Macho yamulikwe kuangalia mtoto wa jicho. Masikio yapimwe. Na kuna mawili ambayo hayasubiri hela wala foleni: mtoto akitapika kijani, au siku mbili zikipita bila kinyesi cha kwanza, ni hospitali usiku huohuo, utumbo unaweza kuwa umeziba.

Kariotaipu inafuata hapo. Kwa nani inakuwa ya haraka? Kwa mama wa miaka 23 anayetaka watoto wengine watatu, ndiyo, tafuteni hela, kabla ya mimba ijayo. Kwa familia ambayo tayari ina mtoto mwingine mwenye Down kwa shangazi au binamu, ndiyo tena. Kwa mama wa miaka 44 aliyefunga uzazi, mtoto ana dalili nane kati ya kumi, mimi simharakishi. Bima ikikubali, afanye. Isipokubali, hela ya nauli ya kwenda kliniki ya mazoezi ya viungo ina kazi nzuri zaidi.

Na kabla hajazaliwa?

Hapa nitapita haraka, kwa sababu wengi wetu huanza kliniki mimba ikiwa imeshavuka muda. Utrasaundi ya kupima maji ya ukosi wa mtoto hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 13. Kipimo cha damu ya mama kinachotafuta vipande vya vinasaba vya mimba huanza wiki ya 10 na hunasa takriban mimba 99 kati ya 100 zenye Down. Vyote viwili vinapima uwezekano tu. Mama wa miaka 20 ana uwezekano wa takriban 1 kwa 1,500, wa miaka 40 takriban 1 kwa 100. Kipimo kilekile kikiwaita wote wawili, kwa yule mdogo kuna nafasi kubwa zaidi kwamba kimemwita bure. Uthibitisho ni kuchukua kipande cha kondo kuanzia wiki ya 11 au maji ya uzazi kuanzia ya 15, na sindano hiyo ina hatari ndogo ya kuharibu mimba. Ninaowaona wakinufaika ni wale waliotumia jibu kuchagua hospitali ya kujifungulia, yenye eko na daktari wa watoto.

Yule bibi na binti yake walichagua hivi: eko wiki ileile, TSH na picha ya damu siku hiyohiyo, kromosomu baada ya mavuno. Baba alipokuja kliniki iliyofuata tulikaa wote watatu na mtoto akiwa kifuani kwa mama yake, nikawaeleza upya tangu mwanzo, maana habari hii haifai kumwachia mama aifikishe nyumbani peke yake. Aliuliza maswali mawili kuhusu moyo na moja kuhusu maabara, kisha akatoa kalamu akaniomba nimwandikie nyuma ya kadi ya kliniki ile rangi ya kifuniko.

Nikamwandikia: kijani, isiwekwe kwenye friza, ulizia kabla sindano haijachomwa.